Bei Bila Chakula

Fundi Athanase, mpaka rangi, alikuwa na bei mbili kwa kila nyumba, na hiyo ya pili ndiyo iliyowafanya watu wa Kalembe wamcheke.

Bei mbili zenyewe si ajabu. Mafundi wote wa vilima hivi, awe mwashi, awe seremala, awe mpaka rangi, watakuuliza swali moja kabla ya kugusa chombo: na chakula, ao bila chakula? Ukisema na chakula, saa sita utamwita ndani, atanawa mikono, atakaa na watu wa nyumba yako, mtakula sufuria moja, na bei itashuka kidogo. Ukisema bila chakula, atakuja na viazi vyake ndani ya mfuko na kujitafutia kivuli, wala hakuna atakayemlaumu mwenzake. Tofauti ya bei hizo mbili ni thamani ya sahani chache za maharage. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua.

Hesabu ya Athanase ndiyo iliyokuwa imeharibika. Mkewe Emérence alipokuwa hai, tofauti yake ilikuwa dola tano kwa nyumba nzima, na mara nyingi aliwaomba wenye nyumba wachague bila chakula, maana sombe ya Emérence, majani yake ya mihogo, ilikuwa ikimngoja na hakuona kwa nini ale ya mtu mwingine. Emérence alipozikwa, dola tano zikawa kumi. Halafu ishirini. Mwaka huu alimpakia mwalimu mmoja nyumba ya vyumba vitatu kwa bei isiyotosha hata sabuni ya kuoshea brashi, kwa sababu mwalimu yule alikuwa na watoto sita na mezani kwake kulikuwa na kelele. Watu wakasema uzee umemletea ulafi: mpe bugali, atakupakia kanisa. Naye akawaacha waseme.

Afadhali kuitwa mlafi kuliko kueleza mambo ya bugali wa mtu mmoja. Bugali wa mtu mmoja haushiki. Unga mdogo, maji madogo, na mwiko kazi yake ni kugonga chini ya sufuria, ko, ko, ko, mpaka unaona aibu kama vile majirani wanasikia. Anayebisha ajaribu miaka miwili, ndipo tuzungumze. Athanase alikuwa na binti mmoja, Brigitte, anayefanya biashara ya mafuta ya mawese kule Hombo, na Brigitte alikuwa mtoto mwema, alipiga simu kila Jumapili mtandao ukikubali. Lakini simu haiwezi kukaa nawe mezani.

Mwezi wa kumi na moja aliitwa kwa Mama Mukandori.

Mukandori alikuwa mjane, nyumba yake iko kwenye kilima juu ya barabara, nyumba ya mbao yenye bati na baraza fupi mbele. Mwanawe wa pekee, Trésor, alikuwa akifanya kazi mgodini Bisie, na alikuwa ametuma pesa kwa simu ili nyumba ipakwe rangi kabla ya Noeli, kwa kuwa Noeli hii atakuja. Mukandori alimwambia Athanase habari hiyo kabla hata hajamjibu salamu. Jirani yake Sidonie alikuwa ameketi barazani akipukuchua maharage, na ilionekana wazi kwamba maharage hayo yangeweza kupukuchuliwa kwingine.

Athanase alizunguka nyumba mara mbili, akigonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Hapo utani wote wa Kalembe ulikuwa unakoma. Mlafi au si mlafi, alijua kazi.

"Mama Trésor," alisema, "nyumba yako iko muzuri, lakini iko na maneno mingi."

"Sema yote, Papa. Niko nasikia."

"Ukubwa haiko shida. Shida iko mbao. Hizi za upande ya mvua zimekunywa maji. Inaomba nipige musasa mupaka nione ubao wenyewe, bila vile rangi itatoka sawa ganda ya kiazi. Na angalia hapa, kati ya ubao na ubao, kidole inapita. Nikipaka juu ya mwanya, niko napaka hewa. Inafaa nizibe yote na masitiki, mumoja mumoja. Hiyo njo inakula siku."

"Trésor anataka bleu," alisema Mukandori. "Bleu ya wazi, sawa mbingu."

"Atapata bleu. Lakini bleu ya wazi juu ya mbao nyeusi inaomba kupakwa mara tatu. Ungechukua vert ya majani, mara mbili ingetosha."

"Alisema bleu."

"Basi bleu. Rangi unanunua wewe, mimi nauza tu mikono yangu. Na bei ya bidoni ya rangi isikushangaze. Ku Goma iko na bei yake, lakini mupaka ifike hapa imeshalipa pikipiki, imeshalipa kila barrière ya njiani. Halafu tuko mu mvua. Nikianza asubuhi, saa nane inanyesha, siku imekufa. Na pale juu, chini ya bati, ngazi yangu haifike, nitafunga kamba."

Mukandori alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mara, kama mtu anayesomewa barua nzuri. Hakuna aliyemweleza jambo refu hivyo kwa muda mrefu. "Donc ngapi, Papa?"

"Bila chakula, dola makumi tisa."

Sidonie alikohoa.

"Na chakula?"

Athanase alitazama ndani kupitia mlango ulio wazi. Aliona meza, kitambaa cha maua juu yake, na viti vinne, vitatu vikiwa vimesukumwa mpaka ndani kabisa. Alijua ataje ngapi. Alijua pia bei ya haki ni themanini na tano.

"Na chakula, makumi ine," alisema.

Mikono ya Sidonie iliacha kupukuchua. "Dola makumi tano ya maharagi?" aliuliza. "Papa, wewe unakula ng'ombe?" Kisha akamgeukia mwenzake, na sauti yake ikawa na asali ndani yake. "Mama Trésor, fungua masikio. Huyu haweke bei ya ukuta. Anaweka bei yako."

Athanase alihisi uso ukimwaka. Hakuwa na nia hiyo hata kidogo; kitanda chake kilikuwa na nafasi ya Emérence na kingebaki nayo. Alichotaka ni kiti kimoja kati ya vile vitatu, kwa nusu saa, saa sita mchana, mlango ukiwa wazi ili kijiji kizima kione. Lakini jambo hilo linasemwaje? Mwanamume anayekana mbele ya wanawake wawili huwa ameshakubali, na anayekana kwa maneno mengi ameshaposa. Akainama, akajifanya anachunguza ubao wa chini.

Mukandori alinyoosha kitenge chake. Uso wake pia ulikuwa umewaka, au pengine ni jua. "Bila chakula," alisema. "Mutoto wangu alituma ya kutosha."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Athanase alipanda kilima na ngazi yake, ndoo, msasa, na viazi vitamu vitatu ndani ya mfuko. Siku nne za kwanza alipiga msasa mpaka nyusi zake zikawa na rangi ya vumbi la mbao. Saa sita ilipofika, aliigeuza ndoo juu chini upande wa kivuli, akakaa, mgongo ukutani, akamenya kiazi. Na saa sita ilipofika, mlango wa Mukandori ulifungwa.

Hakumlaumu. Katika nchi hii huwezi kula mbele ya mtu bila kumwambia karibu, hata awe mdai wako, hata awe mtu aliyemlaani mama yako. Mlango ukiwa wazi, Mukandori angelazimika kumkaribisha. Akimkaribisha, Sidonie angelazimika kuongea. Mlango uliofungwa haumwoni mtu. Ulikuwa mlango wa adabu, na Athanase aliuheshimu.

Tena, Emérence alikuwa na kanuni yake kuhusu kukaribishwa, na alimlea Brigitte nayo kwa kofi na kwa wimbo. "Karibu ya kwanza iko ya adabu," alikuwa akisema. "Ya pili njo ya chakula." Ya kwanza unaikataa, hata tumbo lingurume namna gani: aksanti, nimekwisha kula. Mwenye nyumba akitaka kweli ule, atasema tena, atakuvuta hata mkono. Anayerukia karibu ya kwanza amelelewa na mbuzi. Vilima vyote hivi vinajua hivyo, na watu wengi wazuri wamelala njaa kwa ajili ya kanuni hiyo.

Meza ya Mukandori ilikuwa upande wa pili wa mbao zile zile alizoegemea. Siku ya kwanza hakujua. Siku ya pili alisikia sala fupi ya chakula, halafu kijiko. Kijiko kimoja. Kiligusa sahani, kikanyamaza, kikagusa tena, polepole, kijiko cha mtu asiye na haraka kwa kuwa baada ya kula hakuna kingine. Kabla ya kijiko alikuwa amesikia mwiko jikoni: ko, ko, ko. Athanase aliacha kutafuna. Aliujua mlio huo.

Kuanzia hapo wakawa wanakula pamoja, ingawa mmoja wao tu ndiye aliyejua. Athanase alimngoja. Hakumega kiazi mpaka sala iishe, na alikila kidogo kidogo ili wamalize sawa.

Siku ya tano alianza kuziba. Alikoroga masitiki kwenye kibati, akaisukuma mwanyani kwa kisu kipana, akailainisha kwa kidole gumba. Upande wa barabara, upande wa mvua, nyuma, yote. Alipofika kwenye mwanya ulio karibu na meza, mwanya wa upana wa kidole na urefu wa mkono, aliupita. Alijiambia ataufanya kesho. Kesho yake alijiambia hivyo hivyo. Rangi ya kwanza ikapakwa, ya pili ikapakwa, ya tatu ikapakwa, nyumba ikageuka bleu kilimani mpaka waendesha pikipiki wakawa wanapiga honi wakipita, na mwanya ule bado ulikuwa mweusi, umeachwa kama pengo la jino. Fundi gani anafanya kazi hivyo? Alijionea haya, na aliendelea kuupita.

Siku ya tisa simu ililia ndani wakati wa chakula.

"Trésor," alisema Mukandori, na sauti yake ikawa ya msichana. "Niko, mwanangu. Niko nakula." Kisha akasikiliza. "Hata siku mbili ya Noeli, hapana?" Kijiko kikawekwa chini. "Si kitu. Kazi njo kazi. Hapana, siko nalia, ni moshi. Nyumba iko bleu. Utaiona siku ingine." Simu ilipokatika, Athanase alisubiri kijiko. Hakikuja. Alisikia kiti kikisogezwa, na baada ya hapo hakuna kitu kabisa, si hatua, si pumzi. Viazi vilikuwa mkononi mwake. Alivirudisha mfukoni bila kuvila, akapanda ngazi na kamba yake, akapaka chini ya bati kwa mchana mzima, akimwonea uchungu mama yule na kujionea uchungu mwenyewe, asijue uchungu upi ni wa nani.

Siku ya kumi na moja ilikuwa ya mwisho. Hata mvua ilikuwa imeamua kukaa mbali. Asubuhi Mukandori alitoka, akaizunguka nyumba, mkono ukiwa karibu na ukuta bila kuugusa.

"Iko muzuri, Papa. Iko muzuri sana." Kisha akasimama. "Hapa umesahau mumoja."

"Sikusahau, Mama. Niliacha ya mwisho."

"Asubuhi baridi inaingilia pale."

"Leo naufunga."

Mukandori alimtazama kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaingia ndani.

Karibu na saa sita Athanase alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo akikoroga masitiki yake ya mwisho. Harufu ikamfikia kupitia mwanyani: sombe yenye mawese, na samaki mkavu ndani yake. Halafu akasikia mwiko. Akainua kichwa. Mwiko haukugonga chini. Ulikuwa unazunguka kwa uzito, unavuta, unashindwa, unavuta tena. Huo ulikuwa bugali wa watu. Atakuwa na mgeni, alifikiri. Na alishangaa namna wazo hilo lilivyomchoma. Aligeuka atazame njiani nani anakuja. Hakuna aliyekuwa anakuja. Ndipo alipoona kwamba mlango, saa sita kamili, ulikuwa wazi.

Alisimama mbele ya mwanya na kisu chake. Ndani kulikuwa na sala, fupi kama siku zote. Kisha sauti ya Mukandori ikaja kupitia mwanyani, karibu sana, chini kidogo, sauti ya mtu aliyekuwa ameifanyia mazoezi.

"Papa Athanase. Karibu tukule."

Na kinywa cha Athanase, kinywa kilichofundishwa na mama yake, kikanolewa na Emérence kwa miaka ishirini na minane, kikajibu kabla ya moyo kuamka:

"Aksanti, Mama. Nimekwisha kula."

Viazi vyake vitatu vilikuwa mfukoni, vizima.

Alisubiri ya pili. Ingekuja sasa hivi. Ya pili huja upesi. Alishika kisu, masitiki ikiwa juu yake, na hakuthubutu hata kuhama mguu, asije akaonekana anaondoka. Alikuwa tayari na jibu: haya basi, Mama, kidogo tu. Alikuwa ameshachagua kiti, kile kilicho karibu na mlango, ili Sidonie amwone vizuri na akome.

"Aya, Papa," ilisema sauti ya ndani.

Halafu kijiko. Kimoja.

Angeweza kusema kitu. Angeweza kukohoa, kuuliza kama chumvi imetosha, kuomba hata maji ya kunywa. Alisimama pale kama nguzo mpaka masitiki ikaanza kukauka kwenye kisu, na masitiki haimngoji mtu. Akaisukuma mwanyani. Alianzia juu, akashuka. Kadiri alivyoshuka, kijiko kilikwenda mbali, na alipofika chini na kulainisha kwa kidole gumba hakusikia tena chochote. Ilikuwa kazi safi.

Jua lilikuwa kali; baada ya saa mbili alipaka rangi juu yake, akaosha brashi, akafunga ngazi, akaenda mlangoni kuchukua pesa yake.

"Ingia, Papa."

Aliingia kwa mara ya kwanza. Mezani, juu ya kitambaa cha maua, kulikuwa na sahani mbili. Moja ilikuwa imeliwa. Ya pili ilikuwa imefunikwa, uso chini, kijiko juu yake, kavu, na mbele yake kiti kilikuwa kimevutwa nje, tayari kwa mtu. Sufuria ya bugali ilikuwa imemegwa upande mmoja tu, kidogo sana. Athanase alitazama sahani ile iliyofunikwa, na mambo yote yakamfikia kwa pamoja: mwiko mzito, mlango wazi, sauti iliyofanyiwa mazoezi. Mwanamke huyu alikuwa amemkaribisha akijua Sidonie atasema nini. Alikuwa amekusanya ujasiri wa kumwambia 'karibu' moja tu, akautoa wote.

Mukandori alizihesabu noti juu ya meza, kando ya sahani. Tisini.

"Punguza, Mama," alisema Athanase. "Chukua makumi tano. Tuseme ilikuwa na chakula."

Mukandori alimtazama bila hasira. Ingekuwa hasira, Athanase angejua la kufanya.

"Hapana, Papa. Hukukula kwangu hata siku moja. Tulisema bila chakula, na umefanya bila chakula. Iko haki yako."

Maneno yalikuwa mawili tu: nina njaa. Athanase, mtu wa miaka hamsini na sita, aliyeweza kueleza ubao na mvua na barrière bila kupumua, aliyatafuta kinywani mwake na hakuyapata. Bila shaka katikati ya sufuria bugali ulikuwa bado na joto. Alichukua noti.

"Rangi isiguswe mupaka kesho," alisema.

"Nimesikia, Papa. Aksanti kwa kazi."

Aliteremka na ngazi begani. Barabarani aligeuka mara moja. Nyumba ilikuwa bleu tupu, nzuri kuliko zote alizowahi kupaka, na alijaribu kuutafuta mwanya kwa macho lakini hata yeye mwenyewe hakuweza kujua tena ulikuwa wapi. Mlango ulikuwa umefungwa. Mbele kidogo mama mmoja na wanawe walikuwa wameketi kando ya shamba la mihogo wakila, na walipomwona anapita, yule mama akainua mkono wenye mafuta, akasema kama inavyopasa, "Karibu, Papa."

"Aksanti," alijibu Athanase. "Nimekwisha kula."